Ajax hawakungoja mtoto afike sekondari

Wewe unayejaza ukumbi wa video hapa Cheptais kila wikendi, hebu nikuulize: Ajax walimtoa wapi Johan Cruyff? Hawakumnunua. Alikuwa mtoto wa jirani tu, kwao karibu na uwanja, akaingia timu ya watoto akiwa na miaka 10. Alipokomaa, Ajax walibeba Kombe la Ulaya mara tatu mfululizo, 1971 hadi 1973. Mwaka 1995 wakalibeba tena kwa bao la Patrick Kluivert dhidi ya AC Milan. Kluivert alikuwa na miaka 18, na pia walimlea wenyewe.

Sisi je? Watoto wengi wa huku Mlima Elgon hukutana na kocha wakifika sekondari, tena wakibahatika kuchukuliwa na shule kama St Anthony's ya Kitale. Anayekosa karo anabaki na mpira wake wa juala, basi.

Samaki mkunje angali mbichi, bana. Kama ulichezea shule yako, mazoezi unayajua. Kusanya watoto wa gredi ya nne kila Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule ya msingi unatosha. Naye MCA akija kuomba kura, mwitishe mipira, si fulana.