Sola ya Serikali, Paa la Landilodi

Jana saa tatu usiku tokeni ziliisha, ploti nzima ikaingia giza, na ile kesi ya kila wiki ikaanza pale kwa korido. Nani ako na friji? Nani anapika na koili usiku akidhani hatuskii harufu? Nani bado hajatoa soo mbili za stima? Sisi ni nyumba kumi na mbili kwa mita moja. Kama umewahi kuishi ploti za Eastlands, hii stori unaijua mpaka mwisho. Dadangu mdogo ako Form Three na alikuwa na asaimenti ya hesabu. Aliimalizia na tochi ya simu yangu, na simu yenyewe ilikuwa asilimia kumi na nne.

Sasa kuna kitu nataka tuongee, kwa sababu kila mara nikipost kuhusu stima kuna msee hukuja kwa komenti akisema, "Si ununue sola tu?" Buda, nilinunua. Nitafika hapo.

Kwanza hesabu, coz hii ndio huniuma zaidi. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima Kenya ni ya mtu anayetumia yuniti 30 au chini kwa mwezi. Hiyo bei iliwekwa makusudi imsaidie mtu wa kipato kidogo. Poa sana. Nyumba yetu nadhani haifiki hata yuniti 20: balbu mbili, simu, redio, TV wikendi. Lakini mita haijui nyumba yetu, inajua ploti. Nyumba kumi na mbili mara yuniti 20 ni 240, na ukipita 100 uko kwa bei ya juu kabisa ya matumizi ya nyumbani. Yaani mtu wa bedsita Kayole analipia yuniti kwa bei moja na mwenye hita ya maji na mashini ya kufua kule Lavington. Msaada upo kwa karatasi, lakini sisi haujawahi kutugusa.

Na sola ya serikali inafuata njia hiyo hiyo. Mradi mkubwa ambao Kenya imekuwa nao wa sola za nyumbani ni KOSAP, ule wa dola milioni 150 za Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2017. Ulihusu kaunti 14: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Kilifi, Kwale na zingine za aina hiyo. Usinielewe vibaya. Mtu wa Turkana anayewasha koroboi akitangulia kupata sola kabla yangu, mimi sina neno. Sehemu ya hizo pesa ilipitia kampuni za sola, zilikuwa zinalipwa zikishafikisha vifaa kwa watu ambao biashara ya kawaida isingewafikia. Hiyo ni akili. Shida yangu ni kwamba huku mjini tumehesabiwa kama watu ambao tayari wako na stima, kwa sababu kuna waya inapita juu ya nyumba zetu. Waya iko. Tokeni ndio hazipo.

Haya, stori ya paneli yangu. Mwaka jana nilichukua ile ya kulipa pole pole: unatoa diposti, kisha unatuma kidogo kila siku kwa M-Pesa. Paneli moja, betri, balbu tatu, sehemu ya kuchaji simu. Siku ya kwanza ilikuwa raha, mathe alikaa nje akiangalia taa yetu ikiwaka wakati ploti yote ni giza, akacheka peke yake. Lakini ukikosa kulipa, kifaa kinajifunga. Januari, mambo ya karo, nilikosa kulipa siku tisa. Taa ikakataa kuwaka na jua lilikuwa linapiga paneli hapo juu bure kabisa. Fikiria hiyo.

Hata hiyo haikuwa mbaya sana. Mbaya ni landilodi. Alipoona paneli kwa mabati yake aliniambia nitoe, eti misumari itafanya paa livuje. Baadaye caretaker akanishow ukweli: watu wakianza kujitoa kwa stima ya ploti, yeye atatoa wapi ile faida anaongeza kwa kila yuniti?

Hapo ndipo mimi husimama nikisikia watu wanasema serikali ilipe sola za wenye mapato ya chini. Nakubali, ilipe. Lakini imlipe nani? Kwa mji ambao wengi wetu ni wapangaji, ukipeana doo kwa mwenye paa, umempa landilodi. India walianza mpango mkubwa Februari 2024, nyumba milioni 10 ziwekewe sola juu ya paa na serikali ichangie sehemu ya gharama. Ni mpango moto, lakini lazima uwe na nyumba yenye paa linalofaa. Tukiunakili hapa vile ulivyo, watakaofaidi ni watu wa Runda na wenye ploti. Sisi tutasoma habari tu.

Ujerumani wamefanya kitu kidogo ambacho mimi napenda zaidi. Kuna sola za balkoni, ndogo hivi, unazitundika nje ya dirisha. Berlin ilikuwa inawapa watu hadi yuro 500 kununua hizo, wapangaji wakiwemo. Kisha Oktoba 2024 sheria ikabadilishwa, sasa mwenye nyumba hawezi kukukataza bila sababu ya maana. Unaona hiyo ya pili? Ni sheria tu.

Kwa hivyo mimi ningeanza hapo. Mpangaji awe na haki ya kuweka paneli ndogo, na ikiharibu bati, alipe bati. Pesa ya serikali imfuate mtu, ili akihama keja ahame na sola yake. Na ploti ambayo landilodi anataka kuweka sola kubwa kwa msaada wa umma, sawa, apewe, lakini bei ya yuniti kwa wapangaji iandikwe kwa mkataba. Tena wasichezee ushuru. 2020, katikati ya corona, vifaa vya sola viliwekewa VAT, mwaka uliofuata ikaondolewa. Muuzaji na mnunuzi wote walichanganyikiwa, na kwa mtu anayelipa shilingi kidogo kila siku, hiyo asilimia inahesabika.

Kuna wenye watasema nchi haina pesa. Labda. Lakini kumwambia landilodi hawezi kunikataza paneli ya ukubwa wa meza haigharimu serikali hata ndururu.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi kuitoa. Kwa sasa bado iko juu, nimeifunga na waya badala ya misumari, na dadangu amemaliza asaimenti ya leo kabla hata watu hawajaanza kuchangisha za tokeni.