Siri ya Mtu Si Deni



Kuna dhulma ambazo mwenye kuzitenda anajijua kuwa ni dhalimu, na kuna nyengine ambazo mwenye kuzitenda anajiona kuwa ni mtetezi wa haki. Hizi za pili ndizo za kuogopwa zaidi. Mwizi anayejua kuwa ameiba huenda siku moja akatubu. Ama yule anayeiba huku akidhani anairudisha mali kwa wenyewe, yeye atatubia nini?

Leo nataka tuzungumze juu ya dhulma moja ya namna hii ya pili. Ilitendeka Uingereza mwaka 2022, nayo ilitokana na mchezo wa televisheni. Huenda ukaniambia: Uingereza ni mbali, na televisheni si maskani yetu. Nami nilikuwa na rai hiyo, mpaka siku binti wa kaka yangu aliponionyesha habari yenyewe kwenye simu yake. Nilimwambia kuwa kijana yule amedhulumiwa. Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Lakini, ami, yeye ana haki gani ya kuwaficha watu?" Neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mchezo wenyewe unaitwa Heartstopper. Umetokana na hadithi ya picha iliyotungwa na kuchorwa na Alice Oseman, na Netflix ilianza kuuonyesha tarehe 22 Aprili 2022. Ni kisa cha wavulana wawili wa skuli moja, Charlie na Nick, waliokalishwa pamoja darasani, wakawa marafiki, kisha wakapendana. Mimi sikukaa kitako kuandika juu ya hukumu ya mapenzi hayo. Wasomaji wa kurasa hizi wanayajua waliyosomeshwa vyuoni mwao. Nazungumza juu ya ulimi, na juu ya jicho linalochungulia, na hayo yanamhusu kila mtu.

Sikiliza basi. Charlie habari yake ilikuwa imekwisha kuenea skuli nzima bila ya ridhaa yake, na kwa ajili hiyo alikuwa ameteswa na wenziwe. Nick ni mchezaji wa raga, mkubwa wa mwili, mwenye marafiki wa kelele, na kila anayemtazama anadhani amekwisha kumjua. Tao, rafiki yake Charlie, anamtilia shaka tangu mwanzo: huyu ni kijana wa wasichana, huyu atamvunja moyo mwenzetu. Na Nick mwenyewe bado hajijui. Anatafuta, anahangaika, anajiuliza, mpaka inambainikia kuwa moyo wake unaelekea kwa wasichana na kwa wavulana pia. Charlie, ambaye aliyaonja machungu ya kutangazwa na wengine, hamharakishi. Mwisho wa vipindi vinane vya mwanzo, Nick anakaa na mamake na kumwambia, kwa ulimi wake mwenyewe na kwa wakati wake mwenyewe.

Hiyo ndiyo nguzo ya kisa: kwamba habari ya moyo wa mtu ni ya mwenyewe, na hapana aliye na haki ya kuitoa ila yeye. Mtazamaji anaweza kuukataa mchezo wote kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini hawezi kusema kuwa hakuambiwa jambo hilo.

Sasa tazama waliyoyafanya watazamaji walioupenda.

Nick aliigizwa na kijana aitwaye Kit Connor, aliyezaliwa Machi 2004. Mchezo ulipopata umaarufu, watu wakaanza kumdai: wewe je? Nawe uko kama Nick? Akajibu, katika mazungumzo ya mwaka huo huo, kuwa yeye na wenzake wangali wadogo, kuwa haoni haja ya kujipa jina mbele ya watu, na kuwa si vyema kumsukuma mtu atangaze jambo ambalo huenda hayuko tayari kulitangaza. Jawabu ya adabu kama hii ingemtosha mwenye haya. Haikuwatosha. Mwezi wa Septemba zikatoka picha zake ameshikana mkono na mwigizaji mwenzake wa kike. Basi ikawa kesi! Wakasema ametudanganya, anajifanya mwenzetu apate sifa na fedha, kumbe siye. Akaondoka katika mtandao wa Twitter. Wakaendelea kumsema akiwa hayupo.

Tarehe 31 Oktoba 2022 alirudi kwa maneno machache tu. Akaandika kuwa naam, moyo wake unaelekea pande zote mbili. Akawapongeza, kwa uchungu, kwa kumlazimisha kijana wa miaka 18 ajitangaze. Akasema kuwa baadhi yao, kwa anavyoona, hawakuifahamu maana ya mchezo ule. Kisha akaaga. Mtungaji mwenyewe, Alice Oseman, alitoa kauli kali ya kumuunga mkono. Alisema haelewi vipi mtu atazame hadithi hii, kisha afurahie kubahatisha mambo ya ndani ya watu na kuwahukumu kwa sura zao.

Msomaji, pima jambo hili kwa mizani ya akili yako. Watu hawa walimlilia Charlie kwa sababu siri yake ilitolewa kwa nguvu. Machozi yao hayajakauka, wakaenda kuitoa kwa nguvu siri ya kijana mwengine. Walimlaumu Tao kwa kumdhania vibaya Nick, kisha wakamdhania Kit Connor dhana ile ile, kwa sababu ile ile. Nathubutu kusema zaidi: hata huyo Nick waliyedai kumpenda hawakumfahamu. Kwani Nick wa hadithi ni mtu gani? Si ni yule ambaye kupenda kwake msichana hakubatilishi kupenda kwake mvulana? Lau wangemfahamu, picha ya mkono wa msichana isingekuwa ushahidi wa jambo lolote. Walikaa mbele ya kioo saa kadhaa wakimtazama mtu, na mwisho wakatoka na dhana zao walizoingia nazo.

Wanazo hoja zao, nami sitaki kuwanyima. Tuzisikilize.

Hoja ya kwanza wanasema: "Tumechoka kutegwa." Hili lina asili. Kwa miaka mingi wamekuwapo watengenezaji wa michezo ya televisheni wanaodokeza mapenzi ya namna hii ili kuwavutia watazamaji wenye hamu nayo, na wala hawana nia ya kuyatimiza. Ni kama mwenye duka anayetandaza kitambaa kizuri dirishani, na ukiingia ndani hakipo. Watazamaji wakawalaumu, na lawama hiyo ina njia yake. Lakini itazame vyema: ni lawama ya mnunuzi kwa mfanyabiashara juu ya bidhaa. Heartstopper ilitoa mapenzi iliyoyaahidi, hadharani, kuanzia kipindi cha kwanza. Bidhaa ilikuwapo. Vipi tena lawama ya bidhaa ikageuzwa, ikawa lawama juu ya roho ya kijana? Roho ya mtu haikutandazwa dirishani ikauzwa kwa pima.

Hoja ya pili wanasema: "Ni mtu mashuhuri, naye amekubali kuonekana." Naam, amekubali kuonekana akiigiza. Fundi seremala akikuuzia mlango hakukuuzia na chumba chake cha kulala. Na ikiwa umaarufu unabatilisha sitara, basi hapana mtu aliyesalia na sitara leo, kwani kila mwenye simu ana watu wanaomtazama.

Hoja ya tatu ndiyo ya binti wa kaka yangu, nayo ndiyo inayopendeza zaidi masikioni: "Ikiwa si aibu kwake, kwa nini afiche?" Hoja hii inachanganya mambo mawili, aibu na faragha. Watu wawili waliooana kwa halali hawana la kuonea haya, na juu ya hivyo wanafunga mlango. Mgonjwa hakufanya kosa, na juu ya hivyo daktari hatangazi ugonjwa wake sokoni. Mtu hafichi kwa sababu ya ubaya tu. Pengine anaficha kwa sababu jambo bado halijamwivia. Ukimlazimisha ataje jina la kitu ambacho yeye mwenyewe bado anakitafuta, umemfanya achume tunda bichi, kisha unamlaumu kuwa ni chachu.

Wala usidhani kuwa hili lilitokea mara moja tu. Huko Marekani, Becky Albertalli alitoa kitabu mwaka 2015 juu ya mvulana ambaye mwenzake wa skuli ameigundua siri yake ya namna hii na anamtisha kuitoa. Kitabu kikafanywa filamu mwaka 2018, kwa jina la Love, Simon. Kwa miaka mingi alilaumiwa kuwa yeye, mwanamke mwenye mume, hana haki ya kuandika kisa kama hicho. Agosti 2020 akaandika kuwa naye moyo wake unaelekea kwa wanaume na wanawake, na hakuficha kuwa angependa kulisema hilo katika hali nyengine. Mara mbili basi: hadithi inalaani kutoa siri za watu, na wapenzi wa hadithi wanamtoa siri aliyewaletea.

Labda yuko msomaji anayesema moyoni mwake: "Hao ni watu wa mambo yao, na jambo lenyewe kwetu ni maasia. Wacha wafichuane." Huyu namkumbusha kisa kinachosimuliwa katika vitabu vya maadili. Sayyidna Umar alikuwa akizunguka usiku Madina, akasikia sauti katika nyumba ya mtu. Akapanda ukuta, akamkuta yumo katika maasia. Alipomkemea, mtu yule alimjibu kuwa: mimi nimeasi kwa jambo moja, nawe umeasi kwa matatu. Umepeleleza, na kupeleleza kumekatazwa. Umepanda ukuta, na tumeamrishwa kuingia kwa milangoni. Na umeingia bila ya idhini wala salamu. Umar akamwacha. Huyo alikuwa khalifa, mwenye amri juu ya umma mzima, na alichokidhania kilikuwa kweli. Juu ya hayo ukuta ulibaki kuwa ukuta. Wewe uliyekaa kitandani na simu mkononi umepewa amri gani aliyonyimwa Umar?

Na hapa usinishike kwa neno moja. Sisemi kuwa walikosea kwa sababu dhana yao haikuwa sahihi. Lau kijana yule angekuwa siye, dhulma ingekuwa ni ile ile. Katazo la kupeleleza, katika Sura ya Hujurat, halikuwekewa sharti kuwa uwe umekosea. Mwenye kuchungulia akaona kweli, amechungulia vile vile.

Sasa tuache Uingereza, turudi majumbani mwetu, kwani swali la binti yule halikuzaliwa Uingereza. Alilipata kwetu. Msichana akirudi kwao baada ya miezi miwili ya ndoa na asiseme lililomrudisha, ni nani anayemwacha apumue? Shangazi anauliza, jirani anauliza, na fundi wa nguo akija kuchukua kipimo naye anauliza. Kijana akipita miaka 30 hajaoa, anatazamwa anavyovaa na anavyocheka. Mume na mke wasipopata mtoto, wanaulizwa mbele ya sinia la wali ni yupi kati yao mwenye ila. Na haya yote tunayaita kujuliana hali! Kisha mwenye kuulizwa akikaa kimya tunakasirika, kana kwamba alikuwa na deni letu akakataa kulipa. Naye akichoka akasema, tunastaajabu kuwa amesema kwa hasira.

Jua hili, ewe mzazi. Siri uliyoinyakua si siri uliyoaminiwa. Uliyoaminiwa inakuja na mwenyewe, anakaa karibu yako, anakutaka shauri, na unapata nafasi ya kumwongoza na kumliwaza. Uliyoinyakua inabaki mkononi mwako peke yake, na mwenyewe amekwisha kuondoka. Kit Connor aliandika maneno machache akaaga. Mwanao naye atakujibu kwa maneno machache, kisha ataaga akiwa bado analala ndani ya nyumba yako, na wewe hutajua kuwa amekwisha kwenda.

Nilimjibu binti wa kaka yangu hivi: "Mwanangu, umeniuliza yeye ana haki gani ya kuficha. Mimi nakuuliza, wao walipata wapi haki ya kudai?" Hakunijibu papo hapo. Siku ya tatu alinijia, akaniambia kuwa yuko rafiki yake ambaye kwa muda alikuwa akimhoji juu ya jambo la nyumbani kwao, na kuwa sasa ameacha kumhoji. Sikumuuliza ni rafiki gani, wala ni jambo gani.

Mwenyezi Mungu atusitiri sote, na atufanye miongoni mwa wenye kusitiri.

Wassalaam.