Asiyesema shikamoo si lazima awe hana adabu



Kuna maneno ambayo sipendi kuyasikia mlangoni pa darasa letu: "Huyu mtoto hana adabu." Mara nyingi kosa lake ni kwamba hakusema shikamoo.

Kwetu Tanzania, na pwani ya Kenya, mtoto asiyemwamkia mkubwa kwa shikamoo ataulizwa amelelewa wapi. Lakini Nairobi au Kisumu, mtoto hutoa mkono, akasema "habari yako", na mama yake huona amefanya vizuri. Goma na Bukavu mtu husalimiwa "jambo", neno ambalo Dar es Salaam tumewaachia watalii. Kwa Waganda, msichana hupiga magoti. Majirani hawa wote wanafundisha kitu kimoja: usimpite mkubwa kama hujamwona. Namna ya kuonyesha ndiyo tofauti.

Mbali nako ni hivyohivyo. China, Korea na Japani zote zimepitiwa na mafundisho ya Konfusio juu ya kuheshimu wakubwa. Lakini Mjapani huinama, Mkorea humpa mkubwa kitu kwa mikono miwili, na Wachina wengi wa leo hupeana mkono tu.

Hapa Uswidi zamani watu waliitana kwa vyeo. Mwaka 1967 Bror Rexed, alipoanza kuongoza mamlaka ya taifa ya tiba, aliwaambia wafanyakazi wake kwamba kila mmoja atamwita "du". Mimi ni muuguzi. Wodini daktari namwita kwa jina lake, wala simdharau. Watoto wetu nao humwita mwalimu kwa jina wiki nzima, halafu wakija kwetu tunataka wabadilike mlangoni.

Maoni yangu ni haya. Shikamoo tuwafundishe watoto wote, wa Kenya na wa Kongo pia, kwa sababu imo ndani ya Kiswahili, na siku wakifika Tanga au Unguja wataihitaji. Ila iwe somo, isiwe kipimo cha malezi ya mwenzako. Ukiona mtoto amenyamaza, anza wewe: "Hujambo, mwanangu?" Atajibu.

Nanyi watoto, wiki ijayo kila mmoja amwulize aliyekaa naye: kwenu mnamwamkiaje bibi? Akikuonyesha, fanya kama yeye.