Klipu ya Pili

Juzi, Kunduchi, niliingiza mkono chini ya sinki la boti inayopeleka wageni Mbudya, ukatoka na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Fundi alikuwa amekizungusha kwenye kiungo cha bomba, akakikaza, akalipwa, akaondoka. "Itashika," alimwambia mjomba, ambaye hulala humo kila usiku akiilinda.

Nyumbani kwetu Mbagala ningecheka tu. Sinki likivuja unaweka ndoo, asubuhi unamwaga. Lakini bomba la sinki la boti huishia kwenye tundu lililotobolewa ubavuni, na tundu hilo likiwa chini ya usawa wa maji, upande wa pili kuna bahari nzima. Mpira ukichomoka kwenye tundu la inchi moja na nusu, nusu mita chini ya maji, boti itaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Hizo ni ndoo kubwa tano. Nani atafua maji kwa kasi hiyo, tena akiamka usingizini?

Ndiyo maana kazi hii ina kanuni: koki ya kufungia palepale kwenye tundu, mpira mgumu, na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Ya kwanza inafanya kazi. Ya pili inakaa tu, hadi siku ya kwanza itakapokatika.

Msiniambie umaskini. Klipu ile nilinunua kwa bei ya chipsi mayai. Waunda majahazi walikalafati kila mwanya wa mbao kwa pamba na mafuta, nao hawakuwa matajiri. Wala msimtwike fundi mzigo wote. Sisi wateja ndio tunaouliza "hakuna namna?", tunaomsifu fundi wa dakika kumi na kumwita mwizi anayedai vifaa kamili. Tunamfundisha kulipua kazi, kisha tunamlaani.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni methali ya nchi kavu. Baharini hupewi nafasi ya kujenga ukuta.

Jioni ile, maji yalipokupwa na boti ikakaa mchangani, nilikata kile kipande, nikaweka mpira mpya, nikakaza klipu mbili.

"Ya pili ya nini?" mjomba akauliza.

"Ya kulalia, mjomba."