MGONJWA ABAKI NYUMBANI, MZIMA AENDE SKULI



Msimu wa karafuu twaona mambo kinyume. Mtoto mwenye homa anasukumwa skuli kwa kuwa mamake yuko shamba. Mzima anazuiwa achambue karafuu, mwalimu akaambiwa anaumwa. Kesho akiumwa kweli, nani atasadiki?

Sisi twasema hivi: mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku ile ile, apimwe malaria. Anayeharisha au kutapika abaki nyumbani mpaka atulie. Mwenye surua abaki. Huambukiza hata siku 4 baada ya vipele kutoka. Mwenye kichocho aende, dawa yake hugawiwa huko huko skuli.

Karafuu hazingoji, twajua. Homa ya mtoto haingoji zaidi.

Katibu wa Tawi, Mgogoni