Nyuzi za Kuinua Pua: Baada ya Sindano Kuna Nini?

Katika mambo ya urembo yaliyoingia mijini kwetu miaka hii, moja linalozungumzwa sana na mabinti, na hata baadhi ya vijana wa kiume, ni hili la kuinuliwa pua kwa nyuzi. Matangazo yake huja kwa simu kutoka Dubai, Seoul na Nairobi, na neno linalorudiwa kila mara ni kwamba hakuna kisu. Mtu huingia, hukaa kiasi cha nusu saa, hutoka na pua ya upanga. Mimi sina ugomvi na anayetaka kupendeza. Lakini naona wengi wamesikia "hakuna kisu" wakaelewa "hakuna neno", na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Tuanze na jambo lenyewe lilivyo. Nyuzi hizo aghalabu hutengenezwa kwa polidioksanoni, kitu ambacho madaktari wamekitumia tangu miaka ya 1980 kushonea ndani ya mwili, kwa kuwa huyeyuka chenyewe bila kutolewa. Kazi ya kuzitia usoni kwa ajili ya urembo ilienea sana kutoka Korea ya Kusini. Daktari hutia dawa ya ganzi, hutoboa tundu dogo kwenye ncha ya pua, kisha hupitisha sindano ndefu butu iliyobeba uzi. Nyuzi kadhaa hulazwa juu ya mwamba wa pua, na nyingine husimamishwa kama nguzo katika kiukuta kinachotenga matundu mawili.

Hapo pana jambo la kushika. Uzi huongeza, haupunguzi. Mwenye pua pana hatatoka na pua nyembamba, wala matundu hayatapungua. Mwenye ngozi nene puani, kama tulivyo wengi wetu, asitarajie badiliko kubwa kama lile la kwenye picha za Wakorea. Na yule aliyevunjika pua, au ambaye ukuta wa ndani umepinda hata anapumua kwa shida, uzi haumfai kitu. Huyo haja yake ni daktari wa pua na masikio. Kwa ufupi, anayefaidika na nyuzi hizi zaidi ni yule ambaye pua yake haikuwa na ugonjwa wowote.

SIKU ZA MWANZO

Ganzi ikiisha baada ya saa chache, pua huuma na huhisi imekazwa. Uvimbe huzidi katika siku mbili tatu za mwanzo, na damu huweza kuvilia chini ya ngozi, hata karibu na macho. Siku hizo pua huonekana imeinuka kuliko itakavyokuwa, kwa sababu sehemu ya kimo hicho ni uvimbe. Wako wanaofurahi siku ya pili na kuhuzunika wiki ya pili, wakidhani uzi umeshuka, kumbe ni uvimbe uliopungua. Sura ya kweli huanza kuonekana baada ya wiki mbili hivi.

Katika muda huo mtu hutakiwa asiibonyeze pua wala kuikanda, asipenge kwa nguvu, asilale kifudifudi, asivae miwani inayokaa juu ya mwamba wa pua, asiogelee, na asijifukize kwa mvuke. Kwetu sisi maana yake ni kwamba bibi harusi hawezi kutiwa nyuzi wiki ya harusi, kisha akasuguliwa singo usoni na kukaa juu ya mafusho. Naye aliyezoea kipini amwambie daktari kabla, maana tundu la kipini li karibu mno na mahali sindano inapopita.

Yako mambo ambayo si ya kungojea. Maumivu yakizidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, pua ikiwa nyekundu na ya moto, usaha ukitoka, homa ikipanda, ngozi ikigeuka nyeupe au ya madoadoa meusi, au ncha ya uzi ikichungulia nje, mtu arudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Uzi uliochungulia usivutwe kwa mkono nyumbani. Kadhalika, wenye asili ya kuota makovu yaliyovimba wafikiri mara mbili kabla ya kutobolewa.

Wengine badala ya uzi hudungwa dawa ya kujaza, nayo ina hatari ya namna yake. Mishipa ya damu ya puani imeungana na ile ya jicho. Dawa hiyo ikiingia ndani ya mshipa huweza kuua ngozi, au kumpofua mtu macho. Mara chache hutokea, lakini imekwisha kutokea. Akiona giza au maumivu makali ya ghafula, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile.

HABARI YA SALA

Karatasi ya maagizo anayopewa mgonjwa huko Seoul au London haikuandikwa kwa ajili ya mtu anayesali. Humwambia asiibonyeze pua, lakini haimwambii la kufanya na sijida 34 zilizo katika rakaa 17 za faradhi za kila siku. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wa pwani, kuweka paji la uso chini ndiyo faradhi ya sijida, na kuweka pua ni sunna. Vile vile katika udhu, kuosha uso ni faradhi, na kupandisha maji puani ni sunna. Kwa hiyo pana nafasi ya kuihifadhi pua bila kuiacha sala. Ama tundu la sindano ambalo daktari amekataza lisiguswe na maji, hilo lina hukumu za jeraha na tayamamu, na mtu amuulize shehe wake kabla ya kwenda, si baada ya kurudi.

Kuhusu kitendo chenyewe, maulamaa wameitazama sababu. Inajulikana katika Hadithi habari ya Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alijifanyia pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha atumie pua ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu kwa mwanamume imekatazwa. Aliyepatwa na aibu ya mwili akafunguliwa mlango. Kwa upande wa pili, sura ya Nisaa, aya ya 119, inataja kugeuza maumbile ya Mwenyezi Mungu kuwa ni katika amri za Shetani. Chuo cha Kimataifa cha Fiqhi ya Kiislamu, kilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, kilipitisha kuwa matibabu ya kurekebisha kasoro na madhara yanaruhusiwa, na kwamba kubadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga watu hakuruhusiwi.

Sasa turudi kwa tuliyoyaona juu. Mlango wa Arfaja ni wa mwenye haja, na mwenye haja hasa ndiye ambaye uzi huu haumtibu. Mimi si mufti, nami sitoi hukumu juu ya pua ya mtu. Lakini anayejitetea kuwa anakwenda kutibiwa na apime utetezi wake.

NANI AMESHIKA SINDANO?

Mwaka 2024 mjini Nairobi mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa kazi ya kupunguza mafuta mwilini katika kliniki ya urembo, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno likaifunga kliniki hiyo. Kazi ile si hii ya pua, lakini fundisho ni moja. Biashara ya urembo imekwenda mbio kuliko ukaguzi. Nyuzi hizi zinauzwa kwa simu kama zinavyouzwa mafuta ya nywele, na anayezinunua anaweza kuwa msusi mwenye vyeti vya mafunzo ya siku mbili. Baraza hilo lina orodha ya madaktari na hospitali zilizosajiliwa, na mtu yeyote anaweza kuitazama. Asiyejua kuuliza jina la daktari na namba yake ya usajili, asimpe uso wake.

Na baada ya yote hayo, uzi huyeyuka. Polidioksanoni humalizika mwilini kwa kiasi cha miezi sita. Kwa kuwa mwili hujenga nyama kidogo mahali pale, umbo huweza kubaki miezi kadhaa zaidi, pengine mwaka au kidogo kupita. Kisha pua ya mama na baba hurudi. Hapo mtu huchagua kulipa tena, au kujitazama katika kioo na kuona amepungukiwa na kitu ambacho hakuwa nacho. Na madaktari wa upasuaji husema kwamba pua iliyotiwa nyuzi mara nyingi huweza kuwa na makovu ndani, yakawasumbua siku ya kuipasua kwa haja ya kweli.

Tusiilaumu simu peke yake. Sifa ya pua ya upanga hatukuletewa na Wakorea. Sisi wenyewe, katika kuchagua wachumba na kutazama watoto waliozaliwa, tumeitaja mbele ya mabinti tangu wakiwa wadogo, na pua bapa tukaicheka. Binti aliyelelewa kwa kicheko hicho, leo akiona tangazo la nusu saa bila kisu, atakwenda. Wazazi wanaotaka asiende hawana budi kuanza na ndimi zao.

Na aliyekwisha kuazimia, basi ajue anachonunua: wiki mbili za kujilinda, umbo la mwaka mmoja, na hatari ndogo ambayo huwa kubwa mikononi mwa asiyejua. Hayo yote hayamo katika tangazo.