Pamba Hailiwi

Mvua za kwanza zikikaribia, wahamasishaji hupita Kwimba, Magu na Misungwi, mkoani Mwanza, wakihimiza wakulima waongeze ekari za pamba. Ekari zisipoongezeka, mkulima ndiye hulaumiwa: mvivu, haambiliki, hajui soko. Mimi naona analijua kuliko anayemhubiria.

Mwaka 2019 bei elekezi ya serikali ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, na mashamba yalikuwa yamejaa. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakopwa: pamba imeshapimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), stakabadhi mkononi, fedha miezi kadhaa baadaye. Msimu uliofuata uzalishaji nchini uliporomoka kutoka karibu tani 350,000 hadi kama 120,000. Kweli, mvua nazo zilipita kiasi, zile zile zilizolijaza Ziwa Victoria hadi likaingia majumbani mwa watu. Ila kuisingizia mvua peke yake ni kukwepa deni.

Usukumani, kuikimbia pamba isiyolipwa kwa wakati si jambo geni. Vyama vya ushirika vilivyounganishwa na mwanaushirika Paul Bomani na wenzake mwaka 1955 vilimwondoa mkulima kwenye mizani ya mfanyabiashara, na pamba ikastawi. Serikali ilipovifuta mwaka 1976, na malipo yakawa ya kusubiri, watu wengi waligeukia mabondeni wakatengeneza majaruba ya mpunga. Mpunga una mnunuzi wa fedha taslimu; asipotokea, unaliwa. Pamba hailiwi.

Si kwamba mazao mbadala hayana maumivu. Wanaopanda dengu kwenye mbuga nyeusi wanamtegemea mlaji wa India, na serikali ya huko iliweka ushuru wa asilimia 30 Desemba 2017, ikaufikisha 60 Machi 2018. Bei ikaanguka huku kwetu. Hata hivyo dengu hupandwa mvua zikielekea ukingoni na kushika shamba miezi michache tu. Pamba inalishika tangu Novemba, inadai palizi na dawa, na gharama ya pembejeo za mkopo hukatwa siku ya kuuza.

Tena bei elekezi hutangazwa msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida Mei, miezi baada ya mbegu kufukiwa. Wakati wa kupanda, mkulima hana bei ya kupigia hesabu. Anachokumbuka ni jinsi alivyolipwa mwaka jana. Kwa hiyo anayetaka ekari aanze na leseni za wanunuzi: mnunuzi asiyeonyesha fedha benki asifike kwenye mizani.